Sumu ya Mshale, Dawa ya Moyo: Historia ya Kombe na Msungu

Miongoni mwa mimea iliyoupa ulimwengu dawa za moyo na mishipa ya damu, miwili ilitoka katika ardhi ya mashariki ya Afrika, nayo ilikuwa imekwisha kujulikana, kupikwa, kupimwa na kuuzwa na wenyeji wa ardhi hiyo muda mrefu kabla ya mgeni wa kwanza kutoka Ulaya kuiandika katika daftari lake. Wa kwanza ni kombe, mmea wenye shina gumu unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine katika mabonde ya mito Shire na Zambezi, ambao wataalamu wa mimea huuita Strophanthus kombe. Wa pili ni msungu, ambao jina lake la kisayansi ni Acokanthera schimperi, mti mfupi wenye majani mazito yasiyopukutika, maua meupe yanayonukia vizuri na matunda yanayogeuka rangi ya zambarau yakiiva, unaoota kuanzia Ethiopia na Somalia hadi katika nyika za Kenya na Tanzania. Yote miwili ni ya ukoo mmoja, Apocynaceae, ukoo wenye mimea mingi ya utomvu na yenye sumu kali, na yote miwili iliingia katika vitabu vya tiba kwa sababu wawindaji walikuwa wakiipaka kwenye mishale yao.

Historia hii husimuliwa kwa kawaida kana kwamba Afrika ilitoa mbegu na magome tu, kisha Ulaya ikatoa akili. Ushahidi hauungi mkono masimulizi hayo. Kilichochukuliwa katika karne ya 19 kilikuwa elimu, tena elimu iliyokwisha kukomaa, ya watu waliojua namna ya kuikoleza sumu, namna ya kutambua kama bado ina nguvu, na njia ambayo sumu hiyo hulazimika kupita mwilini ndipo iue. Sehemu ya elimu hiyo iliachwa nyuma pale mbegu ziliposafirishwa, na tiba ya Ulaya ilihitaji takriban nusu karne ili kuigundua upya.

Upishi wa sumu ya msungu ulikuwa kazi ya fundi, si ya kila mtu. Matawi, magome na mizizi ilikatwakatwa, ikatiwa chunguni pamoja na maji na kuchemshwa kwa saa nyingi. Kisha makapi yakachujwa na kutupwa, na maji yaliyobaki yakarudishwa motoni yachemke polepole mpaka yapungue na kuwa kitu kizito, cheusi, kinachonata kama lami. Wako mafundi walioongeza viungo vyao wenyewe, vya mimea mingine au vya wanyama, na kila mmoja aliilinda siri ya mchanganyiko wake, ingawa uchunguzi wa kikemia umeonyesha kwamba nguvu yenyewe hutoka katika msungu. Sumu iliyokuwa tayari haikupakwa kwenye makali ya chuma, bali nyuma yake, juu ya kijiti kifupi kinachoishika ncha, ili makali yafungue njia na sumu ifuate ndani ya nyama. Sehemu iliyopakwa ilizungushiwa utepe wa ngozi laini ambao uliondolewa dakika za mwisho kabla ya kupiga, na utepe huo ulikuwa na kazi mbili: kumkinga mwenye podo asije akajichoma, na kuizuia sumu isikauke, kwa maana sumu iliyokauka haiyeyuki upesi katika damu.

Nguvu ya msungu hutofautiana kutoka mti hadi mti na kutoka eneo hadi eneo, na kwa hiyo fundi alilazimika kuchagua na kupima. Inasimuliwa kwamba walipendelea mti ambao chini yake wameonekana wadudu waliokufa. Kuhusu upimaji, watu waliowashuhudia wawindaji wa Afrika Mashariki wameeleza mara kwa mara njia moja ambayo inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu alijichanja kidogo mkononi, akaiacha damu itiririke hadi ifanye mchirizi mrefu, kisha akagusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi huo, mbali na jeraha lenyewe. Sumu iliyo kali ilionekana ikiigeuza damu kuwa nyeusi, na weusi huo ukipanda kuelekea kwenye chanjo, ambapo damu ilifutwa upesi kabla haujafika. Maabara ya leo inaweza kuuliza maswali mengi kuhusu kipimo hicho, lakini nia yake haina shaka: ni jaribio la ubora linalofanywa kabla ya kutumia, na mtu aliyelifanya alijua kwamba hatari huanza pale sumu inapoingia katika damu.

Msungu ulikuwa pia bidhaa. Katika nyika iliyo nyuma ya mwambao wa Kenya, mafundi wa Kigiriama waliipika sumu na kuiuza kwa Wata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, watu waliosifika kwa pinde ndefu na nzito kiasi kwamba wageni wengi wenye nguvu walishindwa kuzivuta. Kwa pinde hizo na kwa sumu hiyo Wata waliwinda tembo, na pembe zake zilipitia mikononi mwa wafanyabiashara hadi Malindi na Mombasa. Wakamba nao walikuwa na mafundi wao wa sumu, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara yao ndiyo iliyofikisha sehemu kubwa ya pembe za bara katika bandari ya Mombasa. Vitabu vya historia ya biashara ya pembe huzungumzia bunduki, mitaji ya wafanyabiashara wa Kihindi na misafara ya Waswahili na Waarabu. Sumu iliyofungwa katika pakiti ndogo na kuuzwa mpakani mwa nyika na pwani hutajwa kwa sentensi moja au haitajwi kabisa, ilhali pembe nyingi zisingepatikana bila hiyo.

Jambo jingine ambalo kila mwindaji alilijua ni kwamba nyama ya mnyama aliyeuawa kwa sumu hii huliwa. Kilichofanywa ni kukata nyama iliyolizunguka jeraha na kuitupa, kisha iliyobaki ikapikwa kama nyama nyingine yoyote na familia nzima ikala bila madhara. Maana ya desturi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sumu ambayo ikipita katika jeraha humwangusha nyati, ikipita tumboni kwa kiasi kidogo haimdhuru mtoto, na hii ni kwa sababu utumbo huifyonza kwa shida sana na bila utaratibu unaotabirika. Wawindaji hawakuwa na maneno ya kikemia ya kulieleza jambo hilo, lakini walikuwa wamelithibitisha kwa vizazi vingi, mlo baada ya mlo. Elimu ya namna hiyo haikuwa ya Wata na Wakamba peke yao: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hutengeneza sumu zao kutokana na mimea mingine miwili ya ukoo uleule, mmoja ukiwa ni Strophanthus eminii, ndugu wa karibu wa kombe, na mwingine ukiwa ni Adenium, ambao wenye bustani huupanda kwa ajili ya uzuri wa maua yake.

Safari ya kombe kuelekea Ulaya ilianzia katika msafara wa Zambezi ulioongozwa na David Livingstone kati ya mwaka 1858 na 1864. Daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara huo alikuwa John Kirk, Mskoti aliyesomea Edinburgh, ambaye baadaye alikaa Zanzibar kwa muda wa miaka 20 hivi na, akiwa balozi wa Uingereza, akawa na sehemu kubwa katika mkataba wa mwaka 1873 ambamo Sultani Barghash alikubali kulifunga soko la watumwa. Alipofika bonde la Shire, Kirk aliikuta sumu ya kombe mikononi mwa Wamang'anja, ambao waliitengeneza kwa kusaga mbegu za mmea huo na kuipaka kwenye mishale ya vipande viwili, yaani ncha yenye miiba iliyochomekwa kwenye ufito kwa namna ambayo, mnyama akipigwa na kukimbia, ufito huanguka na ncha hubaki mwilini.

Kirk aliipata sumu, lakini mmea hakuupata, kwa sababu Wamang'anja walikataa kumwonyesha. Kila alipouliza aliletewa mmea mwingine, na hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu mpaka siku moja, katika kijiji cha Chibisa kilichokuwa kando ya mto Shire, alipouona mmea mgeni kwake ukiwa umepanda juu ya mti mrefu na kuning'iniza maganda yake marefu ya mbegu. Hakuna aliyekubali kumpandia. Alipopanda mwenyewe na kuanza kuyashika maganda, wenyeji waliokuwa chini waliogopa kwamba utomvu ungeingia katika mkwaruzo wa ngozi yake au mdomoni, wakamwonya ajihadhari, na katika kumwonya wakakiri kwamba huo ndio kombe. Maelezo haya aliyatoa Kirk mwenyewe miaka mingi baadaye, na yanafaa kusomwa polepole. Watu waliokuwa wakimpotosha mgeni kwa makusudi walikuwa wakilinda mali, kama vile kiwanda chochote kinavyolinda fomyula yake. Nao waliiachia siri hiyo bila malipo na bila makubaliano, kwa sababu ya kumhurumia mtu aliyekuwa hatarini kufa. Sampuli zilipelekwa Kew, bustani ya kifalme ya mimea karibu na London, na huko mmea ukaelezwa rasmi na kupewa jina la kisayansi ambalo, kwa bahati njema, lilihifadhi neno kombe.

Kirk ndiye pia aliyeandika athari ya sumu hiyo juu ya moyo wa binadamu, tena bila kukusudia. Mswaki wake ulikuwa umewekwa katika mfuko uliokuwa na chembe za sumu, na alipoutumia alihisi ladha chungu ambayo mwanzoni aliidhania kuwa ni ya kwinini. Muda mfupi baadaye akagundua kwamba mapigo ya moyo wake, ambayo yalikuwa juu kwa sababu ya mafua, yameshuka. Tukio hilo lilichapishwa katika kitabu cha msafara cha mwaka 1865, na tangu hapo limerudiwa katika karibu kila historia ya dawa za moyo, wakati kisa cha kijiji cha Chibisa, ambacho bila hicho pasingekuwa na dawa yoyote, hakikupata umaarufu wa namna hiyo.

Ili kuelewa kwa nini madaktari wa Uingereza waliipokea habari hiyo kwa hamu, ni lazima kukumbuka kwamba walikuwa tayari na dawa moja ya aina hiyo. Mwaka 1785 daktari William Withering alichapisha kitabu kuhusu Digitalis, mmea wa maua ya zambarau unaoota porini Ulaya, akieleza kwamba unaweza kumtibu mtu aliyevimba mwili kwa maji, hali ambayo leo inajulikana kuwa mara nyingi hutokana na moyo kushindwa kusukuma damu vya kutosha. Withering alikiri wazi kwamba dokezo la kwanza alilipata mwaka 1775 kutokana na dawa ya siri ya familia, iliyokuwa imetunzwa na mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire na iliyochanganya mimea 20 au zaidi. Jina la mwanamke huyo halimo katika kitabu chake. Kwa hiyo mganga wa kienyeji asiye na jina si jambo la Afrika peke yake, na pengine ni haki kusema kwamba mafundi wa Shire walitendewa kama wanakijiji wa Kiingereza walivyotendewa, isipokuwa kwamba wao walipoteza pia, baadaye, mamlaka juu ya ardhi ambamo mmea wenyewe uliota.

Uchunguzi wa kombe ulifanywa na Thomas Richard Fraser wa Edinburgh, ambaye kabla ya hapo alikuwa amejulikana kwa kazi yake juu ya sumu nyingine ya Kiafrika, mbegu ya Calabar. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 Fraser alionyesha kwa majaribio ya vyura kwamba sumu hiyo huushika moyo moja kwa moja, ikiufanya ujikaze kwa nguvu inayozidi mpaka usimame ukiwa umekaza, na kiini chake akakiita strofantini. Mwaka 1885, katika mkutano wa madaktari wa Uingereza uliofanyika Cardiff, alitangaza kwamba dawa iliyotolewa katika mbegu hizo kwa kuziloweka katika spiriti inawafaa wagonjwa wa moyo. Kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliingia sokoni mara moja, na mahitaji ya mbegu yakapanda kiasi kwamba walowezi wa Blantyre, akiwamo mkulima wa kahawa John Buchanan, wakawa wanazikusanya na kuzisafirisha. Mbegu zilizokuwa silaha ya mwindaji zikawa shehena.

Hata hivyo dawa hiyo ilianza kuwasumbua madaktari. Mgonjwa mmoja aliimeza akapata nafuu, mwingine akaimeza asione lolote, na wa tatu akadhurika kwa kiasi kilekile. Sehemu ya tatizo ilikuwa ni mbegu zenyewe, kwa kuwa wafanyabiashara walichanganya mbegu za aina mbalimbali za Strophanthus ambazo nguvu zake hazilingani, na hapakuwa na fundi wa Kimang'anja bandarini wa kuzitenganisha. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa ni tumbo. Dawa ilikuwa ikinyweshwa, na utumbo ulikuwa ukiifyonza ovyo, kama ambavyo walaji wa nyama ya nyati wa Shire wangeweza kueleza kama wangeulizwa. Mwaka 1906, katika hospitali ya Strasbourg ambayo wakati huo ilikuwa upande wa Ujerumani, daktari Albert Fraenkel aliamua kuidunga strofantini moja kwa moja katika mshipa wa damu, na wagonjwa waliokuwa wakitweta kwa kukosa pumzi wakapata nafuu ndani ya dakika chache. Kutoka kijiji cha Chibisa hadi Strasbourg ilipita miaka zaidi ya 40, na njia iliyofikiwa mwishoni ilikuwa ileile ya mshale: kuifikisha sumu katika damu bila kupitia mdomoni, ila kwa kipimo kidogo mno.

Kwa upande wa msungu, kiini chake kilitolewa Paris mwaka 1888 na mkemia Arnaud, kutoka katika mbao za mti ambao Wasomali waliutumia kutengeneza sumu ya mishale waliyoiita wabayo, na kutokana na jina hilo dutu hiyo ikaitwa wabaini. Muda si mrefu Arnaud aliikuta dutu hiyohiyo katika mbegu za Strophanthus kutoka Gabon, upande wa pili wa bara. Strofantini, wabaini na dutu za Digitalis ziko katika kundi moja linaloitwa glikosidi za moyo, yaani molekuli zenye kiini cha aina ya steroidi kilichounganishwa na sukari. Namna zinavyofanya kazi haikujulikana mpaka katikati ya karne ya 20. Mwaka 1953 mtafiti wa Uswisi, Hans Jürg Schatzmann, alionyesha kwamba glikosidi hizo huzuia usafirishaji wa sodiamu na potasiamu kupitia ukuta wa seli. Mwaka 1957 Mdenmark Jens Christian Skou, akitumia neva za miguu ya kaa katika Chuo Kikuu cha Aarhus, aliigundua pampu yenyewe, protini inayotoa chembe tatu za sodiamu nje ya seli kwa kila chembe mbili za potasiamu inazoingiza, na baadaye wabaini ndiyo iliyomsaidia kuthibitisha kwamba alichokipata ndicho hasa pampu hiyo. Alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Pampu ikizuiwa kidogo, sodiamu huongezeka ndani ya seli ya moyo, kalsiamu hushindwa kutoka kwa kasi ya kawaida, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa mno, mapigo huvurugika na moyo husimama. Tofauti kati ya dawa na sumu hapa ni ya kiasi tu, na kiasi hicho ni kidogo sana.

Seli za msuli uliomo katika kuta za mishipa ya damu nazo zina pampu hiyohiyo, na hapo ndipo wabaini ilipoingia katika mjadala wa shinikizo la damu, ugonjwa ambao leo umeenea mijini na vijijini kote Afrika Mashariki. Pampu ya seli hizo ikizuiwa, kalsiamu huongezeka, mishipa hubana, na damu hulazimika kupita kwa nguvu katika njia nyembamba. Mwaka 1991 watafiti wa Maryland, Marekani, wakiongozwa na John Hamlyn na Mordecai Blaustein, walitangaza kwamba wameikuta katika damu ya binadamu dutu isiyotofautishika na wabaini au inayofanana nayo sana, na wakapendekeza kwamba mwili wenyewe huitengeneza na kwamba huenda inachangia shinikizo la damu kupanda kwa watu wanaokula chumvi nyingi. Watafiti wengine wameipinga hoja hiyo kwa kusema kwamba vipimo vyao haviioni dutu hiyo, na mabishano hayajafikia mwisho. Ukoo huohuo wa msungu na kombe ulitoa pia dawa ya kushusha shinikizo: reserpini, iliyotolewa mwaka 1952 na wakemia wa Basel kutoka katika mzizi wa Rauvolfia serpentina, mmea wa tiba za jadi za India, baada ya daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay kuchapisha mwaka 1949 matokeo ya mzizi huo kwa wagonjwa wake. Ndugu wa mmea huo, Rauvolfia caffra, ndio msesewe wa Kilimanjaro, ambao magome yake Wachaga huyatia katika mbege kuipa uchungu wake.

Wakati dawa zikisonga mbele, wenye elimu ya asili walirudishwa nyuma. Sheria za kikoloni za wanyamapori zilimruhusu mwenye bunduki na leseni kuwinda, na zikamgeuza mwenye upinde na mshale wa sumu kuwa mhalifu. Katika Kenya, hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 juu ya ardhi ambako Wata walikuwa wakiwinda, na operesheni kubwa ya mwaka 1956 na 1957 iliwakamata wawindaji wao wengi na kuwafunga. Ulinzi wa tembo ulikuwa na sababu zake, na idadi ya wanyama waliouawa wakati huo haikuwa ya chakula tu. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba pamoja na mishale ilikuwa ikizikwa pia taaluma ya kupika na kupima dutu ambayo, katika miaka hiyohiyo, ilikuwa mezani kwa watafiti wa Ulaya. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote.

Msungu wenyewe bado unaota, na bado una mambo ya kufundisha. Mwaka 2011 jopo la watafiti ambamo alikuwamo Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tabora, lilichapisha ushahidi kwamba panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye nywele ndefu mgongoni, Lophiomys imhausi, hutafuna magome na mizizi ya msungu kisha hupaka mate yenye sumu juu ya nywele maalumu za ubavuni zenye matundu ya kuinyonya. Mbwa anayemng'ata panya huyo huweza kufa. Inaonekana mnyama huyo hadhuriki, na sababu yake bado inachunguzwa.

Wabaini yenyewe imeondoka karibu kabisa hospitalini na kubaki katika maabara kama chombo cha utafiti. Ndugu yake digoksini, iliyotolewa mwaka 1930 kutoka Digitalis lanata, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1997 na kuhusisha wagonjwa 6,800 lilionyesha kwamba hupunguza kulazwa hospitalini bila kupunguza vifo. Mtu mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu asijaribu kamwe kujitibu kwa msungu, kombe au mmea mwingine wa ukoo huu. Hata digoksini, ambayo kila kidonge chake kimepimwa kiwandani, madaktari huifuatilia kwa vipimo vya damu.

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba jamii zenye elimu ya jadi kuhusu mimea zinaombwa ridhaa kabla elimu hiyo haijatumiwa na zinagawiwa manufaa yanayotokana nayo. Kama kanuni hiyo ingekuwapo siku Kirk alipopanda mti kijijini kwa Chibisa, Wamang'anja wangekuwa upande mmoja wa mkataba. Kwa waliokwisha kufa haiwezi kufanya lolote, lakini wako wazee wa Kiwata, wa Kigiriama na wa Kihadzabe ambao bado wanaukumbuka upishi, vipimo na majina ya miti iliyochaguliwa, na vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania na Malawi vina wataalamu wa mimea, wa dawa na wa historia wanaoweza kukaa nao. Kazi hiyo ifanywe sasa, kwa ridhaa yao, na majina yao yaandikwe.